KABLA YA KUUZA MAZIWA, PIMA YA WATOTO

Ndugu msomaji, kama unafuga ng'ombe wa maziwa, jiulize swali hili. Maziwa ya jana yalikwenda wapi?

Pengine lita nne zilichukuliwa na mnunuzi mwenye baiskeli. Lita moja ilikwenda kwa jirani anayelipa mwisho wa mwezi. Nusu lita iliyobaki ilitiwa katika chai, na chai hiyo wakaanza kuinywa wakubwa. Je, mtoto wako wa miaka miwili alipata nini? Kama alipata uji wa maji na chumvi, basi ng'ombe wako anawalisha watoto wa watu wengine.

Hatusemi kwamba kuuza maziwa ni kosa. Fedha ya maziwa hununua daftari, sabuni, mafuta ya taa na dawa ya mifugo. Lakini hesabu ya maziwa ina pande mbili, na wengi wetu tunaipiga upande mmoja tu.

Tazama hali ilivyo. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake ni mdogo kuliko umri wake. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57 kwa kila 100. Njombe na Rukwa walikuwa karibu 50.

Mikoa hiyo mitatu si mikoa ya njaa. Mahindi yanayoliwa mijini kwa sehemu kubwa hutoka huko. Iringa na Njombe wanafuga pia ng'ombe wa maziwa. Kudumaa kwa watoto wao kuna sababu nyingi: ugali mtupu kila siku, mama kushinda shambani, kuharisha mara kwa mara, na vyakula bora kuuzwa badala ya kuliwa. Kwa hiyo chakula kuwepo kijijini ni jambo moja, na chakula kufika katika bakuli la mtoto ni jambo lingine.

NDANI YA MAZIWA MNA NINI?

Chukua lita moja ya maziwa ya ng'ombe. Sehemu kubwa ni maji, kama gramu 870 hivi. Sehemu iliyobaki ndiyo tunayoitafuta. Mna protini kama gramu 32. Protini ni chakula cha kujenga mwili. Mna mafuta gramu 35 hadi 50. Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa maziwa kidogo, lakini mara nyingi yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa. Ndiyo maana samli yao husifiwa. Mna sukari ya maziwa kama gramu 48. Halafu mna madini ya chokaa zaidi ya gramu moja, ambayo hujenga mifupa na meno. Tena mna vitamini A inayolinda macho, na vitamini B za namna mbalimbali. Mojawapo ya hizo, iitwayo B12, husaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Hiyo huipati katika mahindi, wala mihogo, wala maharage, hata ukila gunia zima. Hupatikana katika vyakula vinavyotokana na wanyama.

Sasa sikiliza na upungufu wake, maana wauzaji wa maziwa hawautaji. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno. Madini ya chuma ndiyo yanayohitajika kutengeneza damu. Vitamini C nayo ni kidogo sana. Mtoto mdogo anayeshibishwa maziwa matupu kutwa nzima, zaidi ya nusu lita kwa siku, anaweza kunenepa na huku akawa hana damu ya kutosha. Kwa hiyo maziwa yasiwe mahali pa mboga, maharage, nyama na matunda. Yawe pamoja navyo.

JARIBIO LA EMBU

Je, kuna ushahidi kwamba maziwa huwasaidia watoto wa watu wanaokula mahindi na maharage kama sisi? Upo, na haukutoka mbali.

Kati ya mwaka 1998 na 2000, wataalamu walifanya jaribio katika shule 12 za msingi huko Embu, nchini Kenya. Chakula cha kawaida cha wenyeji ni githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Watoto wa shule fulani walipewa githeri iliyoongezwa nyama. Wengine walipewa githeri na maziwa. Wengine walipewa githeri iliyotiwa mafuta zaidi. Shule nyingine hazikupewa chakula, ili pawepo na cha kulinganisha.

Matokeo hayakuwa sawa kwa kila jambo. Watoto waliokunywa maziwa walirefuka zaidi, hasa wale wadogo na wale waliokuwa wamekwisha kudumaa. Upungufu wa ile vitamini B12 ulipungua kwa waliopata maziwa na kwa waliopata nyama pia. Lakini katika majaribio ya akili, waliofanya vizuri kuliko wote ni watoto waliokula nyama. Ndugu msomaji, usishangae. Nyama ina madini ya chuma na zinki, na maziwa hayana ya kutosha.

Jambo hili lilikwisha kuonekana miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 1926 daktari mmoja wa Uingereza, Corry Mann, alitoa taarifa ya wavulana waliolelewa katika makao ya watoto karibu na London. Walikuwa wakila chakula kilichodhaniwa kuwa kinatosha. Kundi moja liliongezewa maziwa zaidi ya nusu lita kila siku. Kwa mwaka mmoja wavulana hao walirefuka karibu sentimita 6.7, na wenzao ambao hawakuongezewa kitu walirefuka sentimita 4.7.

Mwaka 1931 wataalamu wengine wawili, Orr na Gilks, waliandika habari za Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya. Walikuta kuwa mwanamume wa Kimaasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu kuliko mwanamume wa Kikikuyu kwa inchi tano hivi. Hapa tuwe waangalifu. Makabila hayo mawili hayafanani kwa asili, na urefu hurithiwa pia. Wala Orr na Gilks hawakusema kwamba Mmaasai alikuwa na afya bora katika kila jambo. Jaribio la Embu lina nguvu zaidi kwa sababu watoto walikuwa wa mahali pamoja na wa chakula kimoja.

MTOTO MCHANGA ANA MAZIWA YAKE

Maneno haya yote juu ya ng'ombe hayamhusu mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa leo apewe titi la mama katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya mwanzo, mazito na ya manjano, ndiyo dang'a. Wapo wazee wanaoshauri yakamuliwe na kumwagwa kwa kuwa eti ni machafu. Mama, usikubali. Dang'a ni kinga ya kwanza ya mwanao dhidi ya maradhi. Mbona ndama tunamwacha anyonye dang'a la mama yake, na tunajua kwamba asipolipata atakufa?

Mpaka afike miezi sita, mtoto anyonye tu. Asipewe maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe. Baada ya miezi sita aanzishiwe vyakula vingine, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Kwa nini maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto mchanga? Ng'ombe alipewa maziwa kwa ajili ya ndama. Ndama hukua upesi sana. Katika miezi miwili hivi uzito wake huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Mtoto wa binadamu huchukua miezi minne au mitano kufika hapo. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, na chumvi nyingi zaidi. Figo za mtoto mchanga huelemewa. Utumbo wake nao unaweza kuchubuka na kuvuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Hata baada ya miezi sita, maziwa ya ng'ombe katika uji ni nyongeza tu. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja yasichukue nafasi ya titi. Kama mama amefariki au hawezi kunyonyesha, usikae ukabuni. Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo, wakuonyeshe la kufanya.

Kuna daktari mwanamke aliyeitwa Cicely Williams. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Aliwaona watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka, nao hawataki kucheza. Madaktari wengine walikuwa na maelezo yao. Yeye akawauliza wanawake wa pale. Wakamwambia kwamba hiyo ni kwashiorkor. Katika lugha ya Kiga, jina hilo ni la ugonjwa unaompata mtoto anapoondolewa titini kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mwaka 1935 aliandika jina hilo katika gazeti la madaktari, na mpaka leo linatumika dunia nzima. Sisi tunasema kwashakoo, au unyafuzi. Wanawake wale hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wameona kwamba hatari huanza pale titi linapokatizwa na chakula cha kuchukua nafasi yake hakipo. Hapo ndipo kikombe cha maziwa katika uji wa mtoto wa miaka miwili kina kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Daktari huyo huyo alihamia Malaya, na mwaka 1939 alihutubia huko Singapore. Aliwakemea waliokuwa wakiwauzia kina mama maziwa mazito ya kopo yenye sukari, wakidai kwamba yanafaa kwa watoto wachanga. Watoto walikuwa wakifa kwa ajili hiyo, naye akayaita mauaji. Ilichukua miaka 42 zaidi. Mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo yanayowafanya kina mama waache kunyonyesha.

MAZIWA MABICHI HUBEBA MARADHI

Sasa tuje katika jambo ambalo wafugaji wengi hawapendi kuambiwa. Wengi wamezoea kunywa maziwa yakiwa bado yana joto la kiwele. Watasema: "Babu yangu alikunywa hivyo na akaishi miaka tisini." Ni kweli kwa babu huyo. Lakini wale waliougua kwa maziwa mabichi hakuna aliyehesabu, maana ugonjwa wao ulipewa majina mengine.

Upo ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, kwa jina la kitaalamu bruselosi. Ng'ombe hutupa mimba ikiwa kubwa, na mara nyingi kondo la nyuma halitoki. Vijidudu vyake hutoka katika maziwa, na ni vingi zaidi katika ndama aliyetupwa na maji ya uzazi. Mtu akinywa maziwa hayo mabichi, au akishika vitu hivyo kwa mikono mitupu, huambukizwa. Homa huja na kuondoka. Hutoka jasho jingi usiku. Viungo na kiuno humuuma, na nguvu humwishia. Yeye hudhani ni malaria. Hununua vidonge vya malaria mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na homa hurudi. Wengine hufika hatua ya kudhani kwamba wamerogwa. Ugonjwa huu unatibika, lakini dawa zake humezwa kwa wiki sita au zaidi, nazo huandikwa na mganga wa hospitali baada ya kupima. Basi, kama wewe ni mfugaji na una homa isiyoisha, mweleze mganga kwamba unafuga na unakunywa maziwa mabichi. Asipojua hayo, hataufikiria ugonjwa huu.

Upo pia kifua kikuu cha ng'ombe. Huambukiza watu kwa njia ya maziwa mabichi, na mara nyingi hakikai katika mapafu. Huvimbisha matezi ya shingo, au hukaa tumboni. Mtoto mwenye uvimbe wa shingo usiopungua apelekwe hospitali. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure. Mbali na hayo, mikono michafu, ndoo chafu na maji machafu huleta katika maziwa vijidudu vya kuharisha na vya homa ya matumbo.

Dawa ya yote hayo iko jikoni kwako. Chemsha maziwa. Yakianza kufura na kupanda, wengi huepua hapo hapo kwa kuogopa yasimwagike. Usifanye hivyo. Punguza moto, koroga kwa mwiko, uyaache yatokote dakika chache zaidi. Kisha yafunike, uyapoze upesi kwa kuiweka sufuria ndani ya karai la maji baridi. Ukitaka kuyahifadhi, yatie katika chombo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto. Mama mmoja anaweza kuchemsha vizuri sana, kisha akayarudisha maziwa katika ndoo ile ile aliyokamulia. Kuni zake zimepotea bure.

Watu husema kwamba kuchemsha huua vitamini. Ni kweli kwamba vitamini kidogo hupungua. Protini na madini ya chokaa hubaki. Ukipima hasara hiyo na wiki sita za dawa, utajua kipi ni kizito.

Ng'ombe aliyetupa mimba atengwe, na bwana mifugo aitwe. Kondo na ndama mfu vizikwe kwa kina ili mbwa wasifukue, na anayevishika avae mifuko ya plastiki mikononi.

TUMBO LINALOKATAA MAZIWA

Wapo watu wazima ambao wakinywa bilauri moja ya maziwa matamu, tumbo hujaa gesi, hunguruma, nao huharisha. Huambiwa kwamba wanadeka. Hawadeki. Sukari ya maziwa haiwezi kuingia mwilini mpaka ivunjwe kwanza na kimeng'enya kilichomo katika utumbo, kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga anacho kwa wingi. Watu wengi duniani, karibu wawili katika kila watatu, kinawapungua wanapokua. Sukari isiyovunjwa hushuka mpaka utumbo mpana, na vijidudu vya huko huichachusha. Gesi hutoka hapo.

Mwaka 2006 wanasayansi walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wao katika Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwapima watu 470 wa makabila 43. Waliwapa kinywaji chenye sukari ya maziwa, kisha wakapima damu yao. Walikuta kwamba wengi wa wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko katika asili yao yanayokifanya kimeng'enya hicho kisipungue ukubwani. Mabadiliko hayo si yale ya watu wa Ulaya. Yalizuka huku huku kwetu katika miaka 7,000 hivi iliyopita, wakati watu walipoanza kuishi kwa mifugo. Walioweza kunywa maziwa wakati wa kiangazi waliishi na kuzaa zaidi. Ndiyo kusema mababu zetu wafugaji waliacha urithi mwingine zaidi ya mifugo.

Na yule ambaye hana urithi huo? Wazee walimpatia njia nyingine, nayo ni mtindi. Maziwa yanapoganda, vijidudu vyema hula sehemu ya ile sukari na kuigeuza kuwa ukali. Vijidudu hivyo huendelea kusaidia kazi hiyo hata tumboni. Kwa hiyo mtu anayeshindwa na maziwa matamu mara nyingi hunywa mtindi bila taabu. Anaweza pia kunywa maziwa kidogo kidogo, nusu kikombe pamoja na chakula.

Lakini mtindi wetu una kasoro moja. Kwa desturi maziwa mabichi humiminwa katika kibuyu na kuachwa yagande yenyewe. Watu hudhani kwamba ule ukali huua kila kijidudu. Hauui vyote. Vijidudu vya bruselosi vinaweza kuishi ndani ya mtindi kwa siku kadhaa. Moshi wa kufukizia kibuyu hupunguza vijidudu na huleta harufu nzuri, hata Wamaasai hutumia kijinga cha mzeituni mwitu kwa kazi hiyo. Nao pia hautoshi peke yake.

Fanya hivi. Chemsha maziwa kwanza. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, ukitumbukiza kidole kilichooshwa hakiungui. Tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita; hiyo ndiyo mbegu. Mtindi huo wa mbegu nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Koroga, funika, weka mahali pasipo na vumbi wala baridi. Kesho yake yatakuwa yameganda. Mwanzoni wazee watalalamika kwamba ladha imebadilika. Mbegu ikishazoea chombo, hawatalalamika tena.

SAMLI NA UGONJWA WA MOYO

Watu wa mijini huuliza: mafuta ya maziwa si ndiyo yanayoleta ugonjwa wa moyo? Daktari George Mann wa Marekani alikuja na wenzake Tanganyika kuwachunguza Wamaasai, ambao wakati ule walikula maziwa na nyama karibu peke yake. Mwaka 1964 walitoa taarifa ya wanaume 400. Dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu, na mafuta katika damu yao yalikuwa machache. Mwaka 1972 wakatoa taarifa ya pili, ya mioyo ya Wamaasai 50 waliokwisha kufa. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani! Lakini mishipa hiyo ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Waliona kwamba kutembea kutwa nzima nyuma ya mifugo kulichangia.

Kwa hiyo mtu anayekaa kitini dukani kutwa asijilinganishe na moran. Mtu mzima mnene, au mwenye shinikizo la damu, apunguze samli na siagi, na maziwa yake ayaengue malai. Mtoto mdogo ni tofauti kabisa. Tumbo lake ni dogo na uji humjaza upesi kabla hajapata nguvu. Kijiko kimoja cha samli katika bakuli lake la uji humwongezea nguvu bila kuongeza wingi wa uji. Hata mtoto aliyedhoofika kwa ugonjwa hufaidika.

MAMBO MAWILI AMBAYO MOTO HAUYAONDOI

Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi dawa, wala hakuondoi sumu. Ng'ombe akipigwa sindano au akitiwa dawa ya kiwele, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa katika chupa ya dawa. Mwulize bwana mifugo ni siku ngapi, uziandike ukutani. Maziwa hayo yakichanganywa na ya wenzako kituoni, unaharibu mtungi mzima, na mtindi wao hautaganda.

La pili ni sumukuvu. Mahindi yakiota ukungu, wengi hutupa yale yaliyozidi na kumpa ng'ombe. Sumu ya ukungu huo hupita katika mwili wa ng'ombe na sehemu yake hutokea katika maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa ng'ombe anayekamuliwa.

MAZIWA YAKIKATIKA

Tunajua kwamba si kila nyumba ina ng'ombe, na hata yenye ng'ombe hupita miezi ya kiangazi ikiwa na kibuyu kitupu. Mbuzi wa maziwa hula kidogo na anaweza kutunzwa na mama peke yake. Maziwa yake nayo yachemshwe, maana bruselosi haibagui mbuzi.

Mfugaji anayekamua lita tano na ana watoto wawili wadogo aanze kwa kutenga lita moja kabla mnunuzi hajafika. Aitenge kwa chombo maalumu, isiwe kwa kukisia, maana kukisia huisha siku ambayo mnunuzi ameongeza bei. Baba na mama wakubaliane jambo hili mapema. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayepokea fedha za maziwa na mama ndiye anayesikia mtoto akilia.

Na pale ambapo hakuna ng'ombe wala mbuzi, wakazi wa kando ya ziwa wana dagaa. Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, kwa hiyo ana madini ya chokaa kwa wingi, na protini, na ile vitamini B12. Ondoa vichwa na mchanga, mkaushe vizuri juani juu ya kichanja, si chini ardhini. Mkaange bila mafuta, umtwange mpaka awe unga laini, umchekeche. Kijiko kimoja au viwili vya unga huo, pamoja na karanga zilizopondwa, vitiwe katika uji wa mtoto ukiwa bado jikoni, uchemke pamoja navyo.